Mwali na Somo Yake: Habari za Mafundisho ya Wasichana Ubena na Kwingineko

Mwalimu aliyefundisha Matembwe, katika tarafa ya Lupembe, mashariki ya mji wa Njombe, hakosi kulijua jambo hili. Msichana wa darasa la sita, ambaye jana alikuwa mchangamfu, leo ameketi nyuma, amejifunga kanga kiunoni, wala hasimami akiulizwa swali. Mwalimu mwanamume huona haya kumwuliza ana nini. Akirudi nyumbani, mama yake humpa kitambaa na maneno machache sana: amekua, basi ajiangalie. Ajiangalie na nini, hamwambii. Tumetaka kuandika habari za maneno hayo machache, na jinsi yalivyopata kupunguka, maana zamani yalikuwa mengi.

Tuanze na lugha. Watu wa pwani husema msichana amevunja ungo, yaani ameona damu mara ya kwanza. Husema pia amebalehe, na hilo ni neno la Kiarabu lililoingia pamoja na sheria ya Kiislamu. Lakini neno la kale zaidi ni mwali, nalo lina jamaa wengi. Wazaramo husema mwali. Wayao vile vile. Wanyanja husema namwali. Neno likionekana hivi katika nchi nyingi zilizo mbali mbali, twaweza kukisia kwamba jambo lenyewe ni la zamani mno, yaani kwamba msichana aliyefika umri huo alikuwa na jina lake na mahali pake, wala hakuwa mtoto tu aliyezidi kimo.

Tena palikuwa na mtu wa kumfundisha. Huyu huitwa kungwi au somo, na kwa makabila ya kusini nyakanga. Mafundisho yenyewe kwa Wayao na majirani zao ni malango. Wageni wengine wamedhani kwamba malango ni milango, wakaeleza kuwa msichana apitishwa katika mlango wa utu uzima. Maelezo hayo yapendeza masikioni, ila si kweli. Wasukuma husema kulanga, maana yake kufundisha, na Wabemba kwa neno hilo hilo husema kuonyesha. Malango ni mafundisho, basi.

Ni nini kilichofundishwa? Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichopigwa chapa na Velten mwaka 1903, ameandika habari za kungwi na za mwali kwa Kiswahili safi, na waalimu wasiokisoma wamepungukiwa. Habari za Wazaramo twazipata kwa Marja-Liisa Swantz, aliyekaa kati yao na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1970: mwali alitengwa ndani ya nyumba kwa miezi mingi, na katika siku za zamani hata zaidi, akifundishwa usafi wa siku zake, adabu kwa wakubwa, na mambo ya mume na uzazi, na mti wa mkole ulikuwa na kazi kubwa katika sherehe. Hatusemi kwamba yote yalikuwa mema. Mengi yalimfundisha msichana kumpendeza mume, na machache yalimfundisha kujihifadhi mwenyewe. Mahali pengine alipotoka ndani aliolewa mara moja, hali mwili wake haujawa tayari kuzaa. Makabila mengine walimkata, na wengine walimtendea mambo mengine juu ya mwili wake ambayo yeye hakuulizwa kama ayataka. Anayesifu mila za wazee bila kuyataja haya hasemi kweli yote.

Lakini kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatukulitambua, na jambo hilo ndilo lililotufanya tuandike. Bibi mmoja Mwingereza, Audrey Richards, aliitazama chisungu ya Wabemba mwaka 1931, akaandika kitabu chake mwaka 1956. Aliona nyimbo nyingi, na sanamu za udongo ziitwazo mbusa ambazo kila moja ina neno lake. Alipochunguza sana, aligundua kwamba wasichana wale hawakufundishwa karibu jambo lolote jipya. Kulima, kupika, hata mambo ya ndoa, walikuwa wanayajua tayari. Walichopata kilikuwa kibali: tangu siku ile waliweza kusema na wanawake wazima juu ya mambo hayo, kwa lugha ya siri ya wanawake, na kulikuwa na mwanamke fulani ambaye kazi yake ni kuulizwa.

Twaona hapo ndipo penye kiini. Msichana hakukosa habari. Habari huzipata kisimani na kwa wenziwe, za kweli na za uongo. Anachohitaji ni mtu aliyeruhusiwa kuulizwa. Na mtu huyo kwa mila za Kibantu karibu kila mahali si mama. Majirani zetu Wanyakyusa, ng'ambo ya milima ya Livingstone, walilishika neno hili hata wakajenga vijiji kwa kulifuata. Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa kwao kati ya mwaka 1934 na 1938, nao wakaambiwa kwamba wavulana hutoka katika kijiji cha baba zao na kujenga chao kwa sababu ya adabu, wasije wakasikia mambo ya wazazi wao usiku. Mzazi na mtoto huheshimiana, na heshima hiyo ni kutosema. Bali bibi na mjukuu hutaniana. Huku nyanda za juu mjukuu hulala kwa bibi yake, humwita kwa majina ya mzaha, naye bibi aweza kumwambia yale ambayo mama yake akiyasema uso ungemshuka.

Sasa tutazame yaliyotokea wazungu walipokuja. Hawakuja na macho matupu. Mwanamke mmoja wa kusini mwa Afrika, aliyejulikana kwa jina la Sarah Baartman, alianza kuonyeshwa kwa watu mjini London mwaka 1810, watu wakilipa fedha ili wautazame mwili wake. Alikufa Paris mwaka 1815, na wataalamu wakaugawa mwili wake, wakaweka mifupa katika jumba la makumbusho. Haikurudi kwao ikazikwa mpaka mwaka 2002. Ulaya iliyojifunza kumtazama mwanamke mweusi namna hiyo ilituma wakubwa wa serikali na waganga, na misioni pia, na hata walio wema kati yao walibeba kidogo cha mtazamo huo bila kujua.

Ushahidi upo Uganda. Kanali Lambkin, mganga wa jeshi la Uingereza, aliandika mwaka 1908 kwamba kaswende imeenea mno Buganda, na katika sababu alizozitaja mojawapo ni kwamba dini mpya imewafungua wanawake katika ulinzi wa zamani, nao wakaharibika. Serikali ikaanza kuwapima watu na kuwatibu, na mwaka 1913 ikaanzishwa Mulago kwa ajili ya magonjwa hayo, ambayo leo ni hospitali kubwa ya taifa. Waganga wa baadaye waliona kwamba mengi yaliyohesabiwa kuwa kaswende ya zinaa hayakuwa hiyo, bali buba na magonjwa ya jamii yake ambayo hata watoto huambukizana kwa kugusana. Lakini neno lilikuwa limekwisha kunenwa, na lawama ilikuwa imekwisha kuwekwa juu ya wanawake. Tutakumbuka jambo hili tutakapofika Makambako.

Juu ya mafundisho ya wasichana, misioni zilijibu kwa njia mbali mbali. Njia ya kwanza ilikuwa kukataza, na mfano wake mkubwa ni Ugikuyu. Mwaka 1929 misioni ya Kanisa la Scotland, iliyoongozwa na mganga John Arthur, ilidai kwamba Wakristo waikane tohara ya wanawake, na atakayekubali atie sahihi au alama ya kidole. Jambo lile likaitwa kirore, yaani alama ya kidole gumba. Kwa miezi michache makanisa na shule zikapoteza watu wengi sana, watu wakaanza shule zao wenyewe, na mwezi wa Januari 1930 mmisionari mwanamke, Hulda Stumpf, akauawa nyumbani kwake Kijabe. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta akaitetea desturi ile katika kitabu chake juu ya Wagikuyu. Waliokataza walikuwa na haki kwa habari ya jeraha. Waganga wao waliona kwa macho wanawake wakiteseka katika kuzaa. Tunalowalaumu ni kwamba pamoja na wembe waliondoa na mafundisho, pasipo kuweka kitu badala yake. Matokeo yake yalionekana Meru. Baraza la wazee, Njuri Ncheke, lilipokataza tohara ya wasichana mwaka 1956, wasichana wenyewe walikwenda msituni wakakatana wao kwa wao, wakaitwa Ng'aitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Hawakuwa na kungwi, hawakuwa na mama. Wakashitakiwa barazani na kutozwa faini. Sisi tunaposoma habari hizo hatuwezi kuwacheka wala kuwasifu. Walikuwa watoto waliotaka kuvuka mto, na wakubwa wote wawili, wa misioni na wa baraza, walikuwa wameondoa daraja.

Njia ya pili ilikuwa kusafisha, na mahali pake ni Masasi. Vincent Lucas wa misioni ya UMCA, aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona kwamba jando ya wavulana yaweza kufanywa ya Kikristo, ikiwa na padri, sala, na mganga wa kutahiri kwa usafi. Mapadri Waafrika ndio waliokuwa na kazi kubwa katika jambo hilo, ingawa sifa zilimwendea askofu zaidi. Kwa wavulana lilifaulu. Kwa wasichana halikufaulu vivyo hivyo, na sababu si ngumu kuiona: padri hawezi kuingia katika malango, na mabibi wa misioni, ambao wengi wao hawakuolewa, walikuwa wakitaka kuwafundisha wanyakanga kazi ambayo wanyakanga walikuwa wameifanya maisha yao yote. Wale kina mama waliwaitikia kwa adabu, kisha wakaenda zao kufanya kama walivyojua.

Huku Ubena hapakutokea vita kama vya Ugikuyu, wala jaribio kama la Masasi. Wamisionari wa Berlin walifika kaskazini ya ziwa Nyasa mwaka 1891, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wamekwisha kuingia Ubena. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 viliifikia nchi, na baada yake njaa. Vita vya mwaka 1914 vikawaondoa Wajeremani, wakarudi baadaye, wakaondolewa tena mwaka 1939 na baada yake. Katika kuja na kuondoka huko shule ziliendelea na wasichana wakabatizwa, na katika mafundisho ya ubatizo na ya ndoa amri ya sita ilifundishwa kwa maneno machache, kama ifundishwavyo mahali pote. Wanawake Wakristo waliambiwa wawafundishe binti zao wenyewe nyumbani. Lilikuwa neno jema kwa masikio ya Berlin. Kwa masikio ya Kibena mama aliambiwa afanye jambo lile ambalo heshima yamkataza. Hakukataa, kwa maana hakuna aliyemkatalia mmisionari wazi, alinyamaza tu. Na bibi, kwa kuwa alihesabiwa kuwa mtu wa mambo ya kale, hakuulizwa.

Kisha wanaume wakaondoka. Wilaya ya Njombe ikawa kisima cha watu wa kazi, na mashamba ya katani ya Tanga yalichota humo. Mwaka 1944 wenye katani walianzisha ofisi ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na magari yakawachukua manamba kwa mamia. Mume alikuwa mbali mwaka mmoja, miwili, wengine hawakurudi. Mke alibaki na jembe, watoto, na mkwe. Wimbi hilo halijapungua mpaka leo, ila limegeuka: mashamba ya chai ya Lupembe na Luponde, miwati ya Kibena iliyoanza kupandwa na kampuni mwaka 1949, mbao, viazi, na kwa wasichana kazi za ndani mijini. Msichana wa miaka 14 aliyekwenda Dar es Salaam kulea mtoto wa mtu alitoka katika nyumba ya bibi kabla bibi hajamaliza kusema.

Ndipo tunafika Makambako. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake, nayo barabara ya Njombe na Songea huanzia hapo. Magari ya mizigo hulala, mabaa huwaka taa, na ulanzi hunywewa vijijini pande zote. Ukimwi ulipoonekana nchini mara ya kwanza mwaka 1983, ulikuwa huko Kagera, mbali sana nasi. Lakini uchunguzi wa serikali wa mwaka 2011 na 2012 uliona kwamba katika mkoa wa Njombe, uliokuwa umeanzishwa karibuni, watu karibu 15 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi, ambapo kwa nchi nzima walikuwa 5. Uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023, uliowapima wote wenye miaka 15 na zaidi, uliona 12.7 katika 100 kwa Njombe na 4.4 kwa nchi, wanawake wa nchi nzima wakiwa 5.6 na wanaume 3.0. Njombe ilikuwa ya kwanza katika mikoa yote.

Mara nyingi hesabu hizi zikisomwa, husikiwa maneno yale yale ya Kanali Lambkin: wanawake wameharibika. Tunawaomba wasomaji wetu walio katika utumishi wasiyarudie madhabahuni. Sababu zinazojulikana ni nyingine. Wabena hawakuwa na tohara ya wanaume katika mila zao, na majaribio makubwa yaliyofanywa Afrika Kusini, Kisumu na Rakai yalionyesha, kabla ya mwaka 2007 kwisha, kwamba mwanamume aliyetahiriwa huambukizwa kwa kiasi kidogo zaidi, pungufu karibu 60 katika 100. Kwa hiyo tohara ya hospitali ilianza kuletwa katika nyanda hizi. Sababu nyingine ni mwendo wa watu tulioueleza, na mjane aliyerithiwa bila kupimwa, na msichana mhitaji anayepokea fedha kwa mwanamume mwenye umri wa baba yake. Katika mambo hayo yote mwanamke ndiye mwenye nguvu ndogo, na mwili wake waambukizwa kwa upesi zaidi kuliko wa mwanamume. Kumlaumu ni kumpiga aliyeanguka.

Sheria zimebadilika, na tutazitaja upesi tu. Mwaka 1998 sheria ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, au 14 kwa amri ya mahakama. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba jambo hilo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule kwa miaka mingi, na mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hatarudi. Mwezi wa Novemba 2021 serikali ilimruhusu kurudi. Sisi tuliowaona wasichana hao wakitoka darasani na mizigo yao, na mwanafunzi mwenzao mwanamume akibaki kitini, tunalihesabu tangazo la mwaka 2021 kuwa jambo kubwa. Lakini sheria haina sauti ya kuongea na mtoto usiku.

Katika nchi ya Tharaka, Kenya, mwaka 1996, jamaa kadha za kijiji cha Gatunga, zikisaidiwa na chama cha Maendeleo ya Wanawake, zilifanya jambo liitwalo ntanira na mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa ndani siku chache, wakafundishwa habari za mwili, magonjwa, na heshima, kisha wakatoka kwa ngoma na zawadi, bila wembe. Jambo ambalo wengi wanaolisifu hulipita ni hili: kila msichana aliwekewa mwanamke wake wa kumfundisha, ambaye si mama yake. Walirudisha somo. Hatusemi jambo lile limefaulu mahali pote. Penye wazee wasioshirikishwa limekuwa sherehe ya wageni, na kisu kimerudi mlango wa nyuma.

Na kwetu jambo haliwezi kungoja, kwa sababu mganga amekwisha kufika shuleni. Saratani inayowaua wanawake wa nchi hii kuliko saratani nyingine ni ile ya mlango wa kizazi, nayo huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kulala pamoja. Mwaka 2018 serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Huchanjwa shuleni, wakiwa wamepanga mstari. Mtoto wa miaka tisa atauliza: ni chanjo ya nini? Mwalimu akisema ya saratani, ameeleza nusu, na nusu iliyobaki huzibwa na uvumi kwamba sindano ile huharibu uzazi. Akisema yote, asema maneno ambayo kwa Kiswahili ni ya hospitali, na kwa Kibena hana ruhusa nayo.

Kwa hiyo twaomba msaada wa wasomaji wetu walio Matembwe, Lupembe, na Ubena yote. Watuletee maneno ambayo bibi huyatumia kwa mjukuu wake: anaitaje damu ya kwanza, anaitaje tumbo la uzazi, kwa methali gani humwonya juu ya mwanamume mkubwa, na mzaha gani hutangulia maonyo hayo. Mwanamume asijaribu kuyakusanya mwenyewe. Amwombe mke wake au dada yake, na bibi aambiwe waziwazi kwamba yataandikwa. Neno ambalo hataki liandikwe lisiandikwe. Atuambie tu kwamba lipo, na ni nani anayeweza kulisema.